Tupeane uzoefu: Uliwezaje kula vizuri na kufanya mazoezi ukisoma uzamili au uzamivu?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Niko mwaka wa pili wa uzamivu. Wiki iliyopita lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi na msimamizi wangu kwenda ghorofa ya nne. Mzee ana miaka sitini na kitu. Tulipofika ghorofa ya pili akaniuliza kwa nini nilichagua sampuli ile na si nyingine. Jibu ninalo, nimeliandikia kurasa tatu nzima. Sauti ikagoma kutoka. Nahema, nimeshika ukuta, jasho linanitiririka mgongoni. Mzee akasimama kunisubiri, macho ameyapeleka dirishani kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufunga zipu.

Nilianza masomo nikiwa na kilo 71, leo nina 84. Sikumbuki siku niliyoamua kunenepa. Mchana biskuti mbele ya kompyuta, saa nane za usiku nakula chochote ninachokikuta. Mazoezi naanza kila Jumatatu. Jumatatu nimezianza nyingi sana.

Sitaki ratiba za wale wanaopiga picha vifua vyao. Nataka za waliopita humu: ulifanya nini kikashika, na nini kilikushinda? Kilichokushinda kisimulie bila aibu, mimi nimeshaanza.

Sura ya Pili

Nimesoma uzamili nikiwa na watoto wawili na kazi ya mchana, kwa hiyo mtu akiniambia "amka saa kumi na moja ukimbie" namtazama tu. Saa kumi na moja ndiyo saa yangu ya kuandika.

Kwangu vita ilikuwa jikoni. Niligundua sishindwi kupika, nashindwa kuamua. Saa moja jioni kichwa kimeisha, ukiniuliza tule nini naweza kulia. Basi nikahamishia maamuzi yote Jumapili. Sufuria moja kubwa ya maharage, sufuria moja ya mboga zenye kuvumilia, mayai ya kuchemsha kwenye bakuli. Maharage yakipoa nayagawa kwenye makopo madogo, mengine kwenye friza. Kila kopo ni mlo mmoja wa mtu mmoja. Usigandishe sufuria nzima, utakuja kuligonga gonga jiwe usiku huku una njaa.

Tahadhari mbili nilizojifunza kwa watu kuumia. Maharage mekundu yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili, na moto mdogo peke yake hauitoi. Ya pili ni wali. Mwenzetu wa kundi la kujisomea aliuacha jikoni usiku kucha, asubuhi akaupasha hadi ukatoa moshi, akaamini yuko salama. Siku ya mtihani alishinda chooni. Kuna bakteria, Bacillus cereus, anayeacha sumu isiyoogopa moto, kwa hiyo kupasha hakukumsaidia kitu. Wali uupoze haraka kwenye chombo kipana, uingie friji mapema, tena usiufuge wiki nzima.

Mazoezi? Nilitembea na watoto jioni. Basi. Hakuna hadithi hapo.

Mkono Kwenye Pakiti

Nafuatilia. Niko sura ya 4, na jina langu linajieleza.

Mzee wa Maabara

Mleta mada, ngazi hizo usizichukie. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Makondakta ndio waliougua kidogo maradhi ya mishipa ya moyo. Najua kuna mtu hapa ameshanyoosha kidole kuuliza kama madereva hawakuwa wanene tangu mwanzo. Morris mwenyewe alijiuliza. Mwaka 1956 alitoa makala kuhusu saizi za sare zao, na kweli viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Ndiyo maana nampenda, alijitetea kabla hajaitwa kwenye utetezi.

Sasa kwangu. Kazi ya maabara ni kusubiri. Mashine inazungusha sampuli dakika 20, jeli inatembea dakika 40, na miaka miwili yote hiyo nilikaa kwenye kiti kirefu nikichezea simu. Siku moja simu iliisha chaji, nikashuka ngazi hadi chini na kurudi kwa sababu tu ya uchovu wa kukaa. Dakika 4. Nikarudia kwenye sampuli iliyofuata. Sikuita mazoezi, niliita "kusubiri".

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Zamani walisema isipofika dakika 10 mfululizo haihesabiwi. Sharti hilo likaondolewa. Siku nilipolisoma hilo nilijumlisha ngazi zangu za wiki nikakuta nimevuka 150, na mimi nilikuwa bado najiita mvivu.

Misuli ndiyo ilinipa shida. Pushapu za kwanza nilipiga 6, kesho yake sikuweza kuinua mkono kushika chupa kwenye rafu ya juu. Maumivu yale huja siku ya pili, usiogope ukaacha. Anza na za ukutani, halafu za mezani, sakafu itakungoja.

Kilomita 42

Nitasema ambalo halisemwi kwenye nyuzi kama hizi: mazoezi nayo yanaweza kuwa kichaka cha kujifichia.

Sura yangu ya 3 ilirudishwa na wino mwekundu kila ukurasa. Wiki hiyo hiyo nikajiandikisha mbio za marathoni. Kila mtu alinisifu. Asubuhi nakimbia, mchana nasoma kuhusu viatu, jioni nanyoosha misuli, usiku nalala mapema "kwa sababu ya mazoezi". Nilikula vizuri kuliko wakati wowote maishani. Mtu akiuliza tasnifu inaendaje, namwambia nimefika kilomita 28.

Nilimaliza mbio. Medali ninayo. Sura ya 3 ilikuwa na maneno yale yale ya miezi tisa nyuma, hata tarehe ya faili ilikuwa inanicheka.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuvaa viatu vya kukimbia asubuhi, kuvifunga kamba kabisa, kisha kukaa mezani. Sitoki mpaka maneno 300 yamepatikana. Mabaya, mazuri, yoyote. Kuna siku nilivivaa hadi jioni. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa.

Kikombe cha Sita

Nimesita kuandika, kwa sababu huku wote mnaongelea kilo zinazopanda. Zangu zilishuka, na watu wakanipongeza.

Muda wa kuchambua data sikuwa nasikia njaa kabisa. Kahawa asubuhi, kahawa saa nne, kahawa saa nane, na kadhalika hadi sita. Nilipakua na programu ya simu ya kuhesabu kalori, nikaipenda kuliko utafiti. Mwishoni nilikuwa naogopa ndizi. Dada mzima, msomi, naogopa ndizi kwa sababu namba yake itaharibu jumla ya siku.

Hedhi ilikata miezi mitatu. Nilikwenda kwa daktari nikijua ataniambia ni mawazo ya masomo. Akaniuliza swali moja: jana umekula nini? Nikaanza kuhesabu vidole, nikaishia kidole cha kwanza. Sikuweza hata kudanganya.

Haikuisha kwa ratiba. Nilionana na mshauri wa saikolojia karibu mwaka mzima. Programu nilifuta. Nilianza kula na mwenzangu wa ofisini, saa saba kamili, chakula kile kile anachokula yeye, bila kuchagua. Yeye hakujua kwamba ni tiba, alidhani nampenda tu. (Nampenda pia.)

Na kahawa: kwa watu wengi kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inakesha na wewe. Mimi nilikuwa nalala saa tisa usiku, nikiamka nimechoka, nakunywa tena. Sasa navinywa viwili, cha mwisho kabla ya saa sita mchana. Mleta mada, kilo zako pima ukipenda, ila ukiona namba imeanza kukuamulia siku, shuka kwenye mizani.

Mleta mada

Kikombe cha Sita, asante dada. Nimesoma mara mbili. Mizani nimeisukumia chini ya kitanda, nitaiona mara moja kwa mwezi.

Siku 21

Wakuu mnazunguka sana. Tabia hujengeka kwa siku 21. Jilazimishe siku 21, tembea hatua elfu 10 kila siku, ya 22 mwili unajiendea wenyewe. Tatizo letu wasomi ni visingizio.

Mzee wa Maabara

Ndugu, hatua elfu 10 zilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, yaani "kipima hatua elfu 10". Kutembea ni kuzuri, lakini namba hiyo ilizaliwa dukani, haikutoka maabara.

Na siku 21, mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake, wa chuo cha University College London, walifuatilia watu 96, kila mmoja na tabia yake ndogo, kwa mfano kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Wastani wa tabia kufikia kujiendea ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hapo ndipo Jumatatu za mleta mada zinapokufa: anakosa Jumatano, anaona wiki imeharibika, anasubiri Jumatatu nyingine.

Siku 21

Sawa mkuu, 254 nimeikubali kwa shingo upande. Jina nitabadilisha.

Kikao cha Saa Saba

Kwangu adui alikuwa kalenda. Msimamizi aliyekuwa nami wakati huo alipenda vikao vya saa saba hadi saa tisa, kila siku ya kazi. Yeye alikuwa mtu wa mlo mmoja, usiku. Sisi wanafunzi watano tulikuwa tunasikiliza matumbo yakijadiliana. Tukitoka saa tisa tunavamia vya kukaanga na soda kama watu waliookolewa baharini.

Mwenzetu mmoja mpya, hana hili wala lile, siku yake ya pili alifungua kopo lake la chakula katikati ya kikao akaanza kula. Chumba kikanyamaza. Msimamizi akamwangalia, akaendelea na hoja yake. Wiki iliyofuata makopo yalikuwa matano. Miaka miwili tulikufa njaa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, uzi usije ukafa bila mrejesho.

Nilichukua mambo mawili tu. La kwanza, mchana sili mbele ya kompyuta. Naifunga kifuniko, natoka na kopo langu hadi kwenye benchi, nakula, narudi. Wiki ya kwanza nilisahau siku mbili, na kopo moja likalala kwenye begi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Sitaelezea harufu. Nilikula tena Jumanne, sikusubiri Jumatatu.

La pili ni ngazi. Lifti imeshatengenezwa, ila nimeamua kuwa kwangu bado ni mbovu. Siku mbili nilizokwenda maktaba nilipanda lifti ya huko kwa sababu begi lilikuwa zito. Nakiri.

Jumatatu nilikutana na mzee chini. Akaangalia lifti, akaniangalia, akaelekea ngazini bila neno. Ghorofa ya pili swali likaja: mapungufu ya sampuli yako nitayaelezaje kwa mtu asiyeipenda? Nilimjibu vizuri hadi ghorofa ya tatu. Ya nne nilimwambia nitamtumia kwa barua pepe.

Mkono Kwenye Pakiti

Hongera sana mkuu. Na biskuti?

Mleta mada

Nimempa jirani wa meza azitunze. Zipo droo ya chini, upande wa kushoto, nyuma ya karatasi.