Stika ya mashine ya theluji imekataliwa, na belti zinakatika

Kutoka: Mtoto wa Mkomani (milima ya Rocky)

Assalam aleikum jamaa, na wengine wote hamjambo. Nimetoka ofisini saa hii bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikiandika ovyo. Nilinunua snomobili ya mlimani, mtumba lakini nzima, tustroki (injini ya mipigo miwili) ya cc 850, treki (ule ukanda mpana wa chini unaosukuma theluji) ya inchi 165, maana kazi yangu iko loji ya juu na barabara ikifungwa hakuna kitu kingine kinafika huko. Sasa nimeenda kuandikisha nipate stika, mama wa dirishani akaangalia karatasi ya mauzo, akaangalia leseni, akaangalia grini kadi, akanirudishia zote. Majina hayafanani. Kisa mnakijua, pasipoti ya Kenya ina majina matatu, DV (bahati nasibu ya viza) nilijaza matatu, grini kadi ikatoka mawili yamebanwa pamoja ndo la ukoo, leseni ikakata moja, na mzee aliyeniuzia akaandika lile ninaloitwa kila siku. Eti aliyeuza aandike upya. Aliyeuza ashahamia Arizona kwenye jua lake na simu hashiki.

La pili, ndo katikati ya msimu, theluji imeshuka ya maana, na mashine inakula belti, ile inayounganisha klachi mbili za pembeni. Ya juzi ilikatika niko nusu ya mlima, nyuzi zikajizungushia nyuma ya klachi mpaka nikakaa chini kuzichomoa na koleo moja moja na vidole havina habari. Gereji wanasema foleni wiki tatu. Kwa hiyo, nani ashapita hii ya majina na walikubali affidaviti gani? Na sevisi ya katikati ya msimu naweza kujifanyia mwenyewe au nitaharibu?

*

Kutoka: Dada wa Maweni (Minnesota)

Waaleikum salaam kaka, pole sana. Ya majina usinikumbushe. Mimi SSN (namba ya hifadhi ya jamii) ilitoka kivyake, EAD (kibali cha kazi) kivyake, na mpaka leo W-2 (karatasi ya mshahara na kodi) inakuja na jina la babu peke yake, utadhani babu ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kwenda shifti. Nilienda na cheti cha kuzaliwa cha Malindi wakaniambia hiki kimeandikwa kwa mkono, nikawaambia na mimi nilizaliwa kwa mkono. Hawakucheka.

Huku kwetu stika ni ya miaka mitatu, na tena aliyezaliwa baada ya 1976 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama ndo aendeshe. Waulize na huko kama wanataka, usije ukamaliza la majina wakakutolea lingine.

Belti, mume wangu anasema kaza treki vizuri isilegee, tia spaiki (misumari ya treki ya kung'ata barafu), na vile vyuma vya kukwaruza barafu vishushe. Yeye amezaliwa Roseau, kwenye kiwanda cha snomobili cha Polaris, hii mambo anaijua tangu mtoto.

*

Kutoka: Bajuni wa Barafu (Alberta)

Dada heshima yako na ya shemeji lakini hapo mnampoteza mtu. Shemeji anaendesha tambarare, njia imesawazishwa na trekta, treki fupi. Huyu ana 165 yenye meno ya inchi mbili na nusu au tatu, ya kuogelea kwenye theluji laini. Spaiki za nini? Utatoboa mabomba ya maji ya kupozea injini yaliyo chini ya kiti, hapo ndo utajua. Na treki hukazi mpaka iimbe. Ikikaza sana inakula beringi na kunyonya nguvu. Ikilegea sana inaruka meno ukishika breki, utasikia ka ka ka. Inua nyuma, tundika uzito wa kama kilo nne na nusu katikati ya treki kwa chini, pima nafasi kati ya ile plastiki ya reli (vyuma virefu ambavyo treki inateleza juu yake) na treki, halafu linganisha na kitabu cha mashine YAKO, si ya jirani. Kila modeli ina kipimo chake. Unalegeza nati ya ekseli ya nyuma, unazungusha bolti za kurekebisha kulia na kushoto sawasawa, unaiwasha izunguke polepole juu ya stendi uone haijaegemea upande mmoja. Na mtu asisimame nyuma yake, ikirusha jiwe hutapata wa kumlaumu.

Vyuma vya kukwaruza hapo shemeji yuko sawa, lakini ni kwa njia ngumu tu. Theluji ikiwa imeshindiliwa hairuki juu, plastiki za reli zinakosa cha kuzilainisha zinayeyuka, na maji ya injini yanachemka. Ukiwa kwenye theluji laini vipandishe. Plastiki zenyewe zina mstari wa kipimo, zikifika hapo badilisha, usingoje chuma.

Sasa belti. Belti haifi yenyewe, inauliwa. Mara nyingi asubuhi: mashine imelala nje, treki imeshikana na barafu, mtu anawasha anabonyeza gesi, klachi inazunguka belti imesimama, inaungua sehemu moja. Kabla hujaondoka inua nyuma uitikise mpaka uone treki inazunguka bure. Halafu fungua pembeni, toa belti, uitazame kwenye mwanga. Ikiwa inang'aa ubavuni, au imepungua upana sehemu moja, au ina nyufa kwenye meno, hiyo ni ya akiba ya dharura si ya kutembelea. Sahani za klachi zisugue na ile brashi ya kijani ya kusugulia sufuria, pangusa na spiriti, kitambaa kisafi, na USIPULIZE oili ya aina yoyote hapo. Nyuzi zilizobaki ndani toa zote, zikiingia kwenye sili ya krenki utalia. Zikiendelea kukatika baada ya hapo, angalia injini mauntingi (vishikizo vya injini), moja ikikatika injini inavutwa na klachi mbili haziangaliani tena.

*

Kutoka: Mtoto wa Mkomani

Shukran sana bro. Kweli asubuhi nilikuwa nabonyeza tu. Mauntingi nitaangalia leo usiku. Lakini jamani ile ya majina? Kuna mtu?

*

Kutoka: Dada wa Maweni

Bajuni mimi sijasema akaze mpaka iimbe, nimesema isilegee, soma kwanza. Na huku si tambarare kote.

*

Kutoka: Ami Fundi (Lamu, gatini)

Salaam wanangu. Mimi sio wa ng'ambo lakini mtoto wangu aliniingiza humu na nasoma zote. Theluji nimeiona kwenye simu tu, ila tustroki ni tustroki. Mwanangu, kabla ya kuhangaika na mikanda toa plagi uziangalie. Ikiwa rangi ya halwa, injini iko sawa. Ikiwa nyeusi na mbichi, inakula petroli nyingi au oili imezidi. Ikiwa nyeupe kavu, simama hapo hapo, inakosa mafuta na pistoni itatoboka. Usiangalie moya tu, toa zote mbili ulinganishe, zikitofautiana kuna silinda inaumwa. Na oili usinunue ya bei ya chini, hapa vijana wanatia oili ya kupima wanaharibu injini ya mashua ya Yamaha Enduro 40 nzima kwa kuokoa shilingi mia. Kisha bolti. Kitu kinachotikisika kinafungua bolti zake chenyewe, pita na spana zote, za mikono ya ski, za reli, za egzosi, na zile springi za egzosi uzivute kwa mkono uone hakuna iliyokatika.

Huku kaskazi imeingia, maji safi, changu na tewa wako, lakini wavuvi wanakwenda mbali zaidi ya zamani. Tangu gati la kwanza la bandari lifunguliwe 2021 pale Manda Bay si pa kutupa jarife tena. Mahakama ya Malindi ilisema 2018 wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kila jioni gatini mazungumzo ni hayo hayo.

*

Kutoka: Kijana wa Muyeye (Trentino)

Ami shikamoo. Umenitamanisha tewa wallahi. Hapa dirishani ni nyeupe tupu na mimi nakula pasta ya jana.

Ya bandari tuiache hapa si mahali pa siasa, ila mkitaka siasa mimi nawaambia moja tu. 2022 waliweka vituo vya kura Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani, mpaka Qatar, Italia hakuna. Watu wa Malindi walioko Italia ni kijiji kizima, kila mtu ana shangazi Bergamo, lakini kura hatuna. 2027 tuone.

Mkomani, mimi huku naendesha ya kazi, napeleka mitungi ya gesi na vyakula kwenye kibanda cha mlimani, huku huendi kujirusha ovyo bila kibali na hicho kibali ni hadithi nyingine, niliketi foleni ya permeso (kibali) na stempu yangu ya yuro 16 mkononi, nikaambiwa dirisha si hili. Nilichotaka kusema ni grisi. Hakuna aliyesema grisi! Vichuchu vyote vya saspensheni vitie grisi ya baridi, hasa baada ya kuiosha, sukuma mpaka ile chafu yenye maji itoke upande wa pili. Na boksi ya cheni kama yako ni ya cheni, fungua nati ya chini, ina sumaku. Ikitoka na uji laini wa kijivu ni kawaida. Ukiona vipande, usitoke siku hiyo. Kuna nyingine zina belti badala ya cheni, hizo hazina oili, usije ukatafuta tundu ambalo halipo.

*

Kutoka: Bajuni wa Barafu

Nilikuwa nafika kwenye grisi, niliandika nyingi tayari. Pia vali za egzosi. Hizi 850 zina vali inayopanda na kushuka kwenye tundu la moshi, kaboni ikijenga inakwama chini na mashine inakosa pumzi huko juu. Toa, safisha, rudisha na gasketi mpya. Na usisahau mlima wenyewe unakula nguvu, kama asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo ukiwa mita 3000 umepoteza karibu theluthi moja. Kama huyo mzee wa Arizona alikuwa anaendeshea bondeni, vizito vya klachi vyake ni vya bondeni, injini haitafika mizunguko yake na belti inateseka. Muulize.

*

Kutoka: Mtoto wa Mkomani

Nimuulize vipi na simu hashiki.

*

Kutoka: Dada wa Maweni

Mimi ninachotaka kujua huyu mtoto anaenda na nani huko. Kaka unacho kile kifaa cha maporomoko ya theluji, cha kutoa ishara ukifukiwa, koleo na ile fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa? Betri umebadilisha? Katikati ya msimu betri zimeshachoka, na vingi vinataka alkalini mpya, si za kuchaji. Na mwenzako avae chake, kifaa kimoja ni kazi bure. Mteremko wa kuanzia digrii 30 piteni mmoja mmoja. Mamako yuko Lamu anakuombea, usimpe kazi ya ziada.

*

Kutoka: Kijana wa Muyeye

Halafu mnajua Yamaha wameacha snomobili kabisa? Walitangaza 2023, modeli ya 2025 ndo ya mwisho. Na walikuwa wanazitengeneza tangu 1968.

*

Kutoka: Ami Fundi

Mungu atuepushe wasiache za mashua.

*

Kutoka: Dada wa Maweni

Hawaachi Ami, nusu ya Afrika itazama.

*

Kutoka: Mwana wa Langoni (Houston)

Wadau mimi theluji sina na sitaki. Nawapa taarifa tu, nasafiri nyumbani mwezi ujao kupitia Doha, nina masanduku mawili ya kilo 23, moja limejaa nguo za watoto, lingine lina nafasi. Ami Fundi kama unataka spea sema sasa, si siku ya kuamkia safari kama mara ile watu walivyoniletea blenda mlangoni. Oili sibebi, betri sibebi, dawa za mtu sibebi, na simu mpya ya mtu atatafuta mwenyewe wa kumlipia ushuru. Pesa kwanza.

*

Kutoka: Ami Fundi

Mwanangu Mola akujaalie. Impela mbili za 40, gasketi ya kichwa moya, na plagi kumi. Plagi ziwe zile fupi, uwaambie dukani FUPI, ukiletewa ndefu inagonga pistoni. Pesa atakutumia kijana wangu leo baada ya isha.

*

Kutoka: Bajuni wa Barafu

Langoni, mimi nina kifurushi kidogo tu cha kwenda Faza, kilo mbili hazifiki.

*

Kutoka: Mwana wa Langoni

Kilo mbili zenu nazijua. Pima, piga picha ya mizani, tuma.