Meza ya Jumamosi: bei ya kitabu kilichoandikwa kwa mkono

Rashidi: Wadau, salamu. Kikosi cha wachezaji wangu kinataka nakala ya kitabu cha tiba cha watawa, kurasa 160. Kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa hadithi na kete), toleo la 5, la 2014, kitabu ni dhahabu 25. Niwauzie hiyo bei?

Bi Zuhura: Hapana mdogo wangu. Kanuni hizohizo zinamlipa kibarua mwenye ujuzi dhahabu 2 kwa siku, na mwandishi wa mkono yumo humo. Dhahabu 25 ni siku 12 na nusu za mshahara, kabla hujanunua ngozi wala wino.

Rashidi: Kwa siku anaandika kurasa ngapi?

Bi Zuhura: Mpe 4, yaani ngozi moja iliyokunjwa mara moja. Ngozi 4 zikiingizana unapata kipeto cha kurasa 16. Kwa hiyo vipeto 10, siku 40, dhahabu 80.

Kaka Salim: Na hapo ni mwanga wa dirishani, maana karibu na vitabu mshumaa haukaribishwi. Baridi kali ikija vidole vinakakamaa, mpe kurasa 2.

Rashidi: Vifaa je?

Bi Zuhura: Ngozi 40, ongeza 4 za kuharibika. Kwa fedha 1 kila moja (fedha 10 ni dhahabu 1) ni dhahabu 4.4. Wino chupa moja, 10. Kusahihisha watu wawili siku 5, 20. Kushona na kujalidi siku 4, 8. Jumla dhahabu 122.4, siku 49. Wakifanya kazi siku 6 kwa juma, ni majuma 8 na kidogo.

Kaka Salim: Bei ya ngozi ndiyo inayonikera. Kondoo mzima kwenye orodha ni dhahabu 2, halafu ngozi iliyolowekwa kwenye chokaa siku kadhaa, ikawambwa, ikakwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga, eti fedha 1! Mimi ningeweka 5. Tena karatasi wameipa fedha 2, ghali kuliko ngozi. Ulaya ya karne ya 15 ilikuwa kinyume, karatasi ndiyo ilikuwa rahisi.

Tatu: Mji wenu ukiwa wa pwani, achaneni na ngozi kabisa. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, iliandikwa kwenye karatasi kutoka ng'ambo.

Rashidi: Kikosi kina haraka, dada. Majuma 8 hawawezi.

Tatu: Tumia mtindo wa vyuo vya Paris na Bologna, karne ya 13. Kitabu cha asili hakijalidiwi, kinakaa vipande vipande, kila kipande kinakodishwa peke yake. Waandishi 5 wanamaliza kuandika siku 8. Gharama haishuki, ila mwandiko unabadilika, na kwenye viungio mmoja anabana maneno, mwingine anaacha nafasi tupu.

Kaka Salim: Makosa yapige kete hapo. Kosa kubwa ni jicho kuruka: neno lilelile liko mistari miwili, mwandishi anarudi kwenye la chini, mstari mzima unapotea. Kwenye kitabu cha tiba huo ni mstari wa kipimo cha dawa! Ndiyo maana kusahihisha ni watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti. Kwenye ngozi kosa linakwanguliwa kwa kisu, kwenye karatasi ukikwangua inaweza kuchanika.

Bi Zuhura: Wino nao: vivimbe vya mwaloni, chumvi ya chuma, gundi ya mgunga. Ukiandika unaonekana hafifu, unakolea ukipata hewa. Chumvi ikizidi, baada ya miaka herufi zinatoboa ukurasa.

Rashidi: Siku 4 kwa kipeto hazijawa nyingi mno?

Bi Zuhura: Hapana. Vespasiano, muuza vitabu wa Florence karne ya 15, alisema alimtengenezea Cosimo de' Medici vitabu 200 kwa waandishi 45, miezi 22. Gawanya: kitabu kimoja, mtu mmoja, karibu miezi 5.

Rashidi: Na kitabu cha mchawi?

Tatu: Kiache kwenye kanuni: saa 2 na dhahabu 50 kwa kila daraja la uchawi. Pale analipia wino adimu na majaribio. Akinakili chake mwenyewe, saa 1 na dhahabu 10.

Rashidi: Sawa. Waandishi 5, ngozi fedha 5, dhahabu 140. Kete ya jicho kuruka naipiga kila kipeto.