Unajimu unaaminiwa kwa kiasi gani katika jamii mbalimbali?

Mkaazi wa Upanga (swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Familia moja ya Kihindu, majirani zetu hapa Upanga, imeisogeza mbele harusi ya binti yao kwa miezi kadhaa, ilhali pande zote mbili zimekwisha kuridhiana, kwa sababu tu kuhani wao hakuiona siku njema kabla ya hapo. Si watu wasiosoma hata kidogo. Baba ni mhandisi na binti ni mfamasia. Kazini kwetu, kwa upande mwingine, tunapofungua ukurasa wa nyota gazetini, kuanzia Punda na Ng'ombe hadi Ndoo na Samaki, hutaniana kidogo kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ningependa kufahamu ni wapi duniani nyota huamua mambo mazito, kama ndoa, uzazi na utawala, na ni wapi zimebaki kuwa maongezi ya kupitisha muda. Tafadhali tusiingie katika ubishi wa kama unajimu ni kweli au si kweli.

Msafiri wa Colombo

Ndugu yangu wa Upanga, jambo la majirani zako ni la kawaida kabisa kwa Wahindu wengi, na lina kanuni zake. Kabla ya uchumba kukubaliwa, chati za kuzaliwa za kijana na binti, yaani michoro ya mahali zilipokuwa nyota na sayari walipozaliwa, hulinganishwa kwa alama 36, na kwa desturi zikipungua 18 wazazi huanza kusita. Mtu ambaye Mirihi imekaa mahali fulani katika chati yake huitwa manglik, naye huhesabiwa kuwa hatari kwa mwenzi wake. Baadhi ya familia humwozesha kwanza kwa mti au chungu, ili balaa liishie huko, ndipo afunge ndoa na binadamu. Tarehe nayo ina masharti. Kuna miezi minne ya mvua ambayo Wahindu wengi hawaozeshi, na kuna vipindi ambavyo sayari ya Zuhura imezama karibu na jua, navyo huachwa vipite. Wala dola haikai kando ya mambo haya: mwaka 2001 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India iliruhusu unajimu wa Kiveda, yaani huu wa Kihindu, ufundishwe kama somo la chuo kikuu, wanasayansi wakaenda mahakamani kuupinga uamuzi huo, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikalitupa shauri lao.

Hata hivyo, mfano ulio mzito zaidi kwangu ni Sri Lanka. Kila mwezi wa Aprili, mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil unapoingia, hutangazwa saa na dakika za kuwasha jiko, za kula mlo wa kwanza na za kuanza kazi, na kati ya mwaka unaotoka na ule unaoingia kuna saa kadhaa ambazo watu huweka shughuli zote chini. Rais Mahinda Rajapaksa, aliyekuwa na mnajimu wake anayejulikana na nchi nzima, aliitisha uchaguzi karibu miaka miwili kabla ya muhula wake kwisha, katika tarehe iliyosemekana kuwa ya heri kwake. Kura zikapigwa tarehe 8 Januari 2015, naye akashindwa na Maithripala Sirisena, aliyekuwa waziri katika serikali yake muda mfupi tu kabla ya hapo. Unajimu wenyewe haukupungukiwa na wateja baada ya hapo.

Mkaazi wa Upanga

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Nina shaka moja, nayo ni kwamba huenda tunahesabu kuwa ni imani jambo ambalo kwa hakika ni hofu ya maneno ya watu. Yule mhandisi aliniambia mwenyewe kwamba haziamini sayari, ila hataki binti yake apatwe na mkosi wowote halafu mashemeji waseme kwamba walionywa.

Mwalimu wa Takwimu

Shaka yako ina mashiko, na ushahidi wake bora umo katika hesabu za vizazi za Japani. Katika kalenda ya kale iliyotoka China, wanyama 12, farasi akiwa mmojawapo, huambatanishwa na elementi 5, moto ukiwa mojawapo, na kwa hiyo mwaka wa Farasi wa Moto hurudi mara moja tu kila baada ya miaka 60. Wajapani walishikilia kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali mno, hata humla mumewe. Itikadi hiyo imefungamanishwa na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo (Tokyo ya leo), anayesemekana kuzaliwa mwaka kama huo, aliyeuawa kwa hukumu katika karne ya 17 kwa kosa la kuwasha moto makusudi kwa sababu ya mapenzi. Sasa tazama kilichotokea. Mwaka 1965 walizaliwa watoto takriban milioni 1.82, mwaka 1966, ambao ndio Farasi wa Moto, wakashuka hadi milioni 1.36, na mwaka 1967 wakapanda tena hadi milioni 1.94. Hiyo ilikuwa Japani ya viwanda na treni za kasi, miaka miwili baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wala si kijiji kilichosahauliwa.

Siamini kwamba mamilioni ya wanandoa wa wakati ule waliichukulia hadithi ya Oshichi kuwa elimu. Mzazi alihitaji tu kukisia kwamba miaka 20 baadaye mama wa mchumba fulani angeuliza binti alizaliwa mwaka gani, na kisio hilo lilitosha kumfanya aahirishe mimba. Mwaka 1990 Japani ilipata mshtuko ilipobainika kwamba wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa umeshuka hadi 1.57 mwaka 1989, yaani chini hata ya ule wa 1966, safari hii bila nyota yoyote ya kulaumiwa. Farasi wa Moto amerudi mwaka 2026, na katika nchi ambayo vizazi vimekuwa vikipungua kila mwaka kwa sababu nyinginezo, itakuwa kazi ngumu kuitambua athari yake, kama ipo.

Bintimvita

Kaka zangu, mmeenda mbali hadi Tokyo mkaruka Mombasa, Tanga na Unguja. Gazeti la nyota ndilo mgeni kwetu. Mtindo wake ulishika kasi baada ya gazeti la Uingereza la Sunday Express kuchapisha mwaka 1930 utabiri wa R. H. Naylor kuhusu mtoto mchanga Margaret wa familia ya kifalme. Unajimu wa pwani una njia nyingine: herufi za jina la mtu na la mama yake hugeuzwa kuwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha buruji yake, yaani nyota yake kati ya zile 12. Wazee walifanya hivyo kabla ya posa, kabla ya safari na kabla ya kuweka msingi wa nyumba, wakiziepuka siku za nuhusi, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alisikilizwa Tanzania nzima, na utabiri wake kuelekea uchaguzi wa 2010 ulijadiliwa na wanasiasa kwa ukali ambao haufanani na mzaha wa mapumziko ya chai.

Tofauti yetu na India, kwa maoni yangu, haimo katika kiasi cha imani. Kule chati hutandazwa mezani mbele ya familia zote mbili, kwa sababu hakuna anayeona aibu. Kwetu mambo haya hufanywa usiku na kwa sauti ya chini, maana kila Mwislamu amesikia hadithi kwamba anayemwendea mtabiri akamwuliza jambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi, na makanisa nayo yanakemea. Ukimwuliza mtu wa kwetu kama anafuata nyota, atakujibu kwamba hafuati. Basi mwulize badala yake ni nani aliyeichagua tarehe ya harusi ya mwanawe, na kwa nini ile ya kwanza ilibadilishwa.