Wakuu, nibaki na chensoo (msumeno wa injini) Stihl 070 ya zamani au nichukue Stihl MS 381 iliyochezewa? Nimepima kwa saa, nimechanganyikiwa

Mkata Mashina:
Wakuu, habari za mchana. Kazi yangu ni kukata miti majumbani: Goba, Madale, Tegeta mpaka Bunju. Mwembe umeegemea ukuta, mvinje umekauka juu ya bati la jirani, ndiyo naitwa mimi. Natumia chensoo Stihl 070 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Wenye nayo mnaijua: cc 105, nzito, ukivuta kamba asubuhi bega linapata habari. Ila haijawahi kunikatalia.

Sasa kuna jamaa Gerezani ananiuzia MS 381 "iliyofunguliwa". Ilikuwa Mafinga kwenye paini. Fundi wa huko kaitoboa eksozi, katoa gasketi ya chini ya silinda ili mgandamizo upande, na njia za hewa ndani kazipanua. Ukikanyaga mafuta inalia kama nyuki waliochokozwa.

Jumamosi tukapima. Gogo moja la mwembe, unene kama sentimita 45, dogo kashika simu anahesabu. 070 yangu sekunde 34, yake 19. Tukarudia: 36 kwa 20. Anataka laki tisa, au nimpe 070 na laki sita juu. Moyo wangu umeshakwenda, ila mke wangu anauliza mbona muuzaji ana haraka. Naombeni ushauri.

Tupa Duara:
Kabla ya yote, cheni zilikuwaje?

Mkata Mashina:
Yangu niliinoa wiki iliyopita, halafu nikakata minazi mitatu Kigamboni. Yake ilikuwa mpya kabisa.

Tupa Duara:
Minazi mitatu! Kaka, wewe hukupima injini, umepima cheni. Mnazi unakula meno kuliko mti wowote wa uani, labda mwembe wenye misumari ya kamba za nguo.

Chukua jino moja uligeuze juani. Ukiona kistari cheupe kinang'aa kwenye ncha, hilo ni butu, maana ncha kali hairudishi mwanga. Angalia na takataka zake: cheni kali inatema vipande, butu inatoa unga. Halafu kile kinundu kilicho mbele ya jino. Wengi wananoa jino miezi sita bila kukigusa. Kwa cheni yako kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.8. Vikilingana, msumeno unateleza tu juu ya mti hata ukiufunga injini ya meli.

Na jambo jingine, 070 inavaa cheni ya .404 (saizi ya cheni kwa inchi), tupa yake milimita 5.5. 381 inavaa 3/8, tupa 5.2. Yako inachimba mfereji mpana zaidi, kwa hiyo hata zote zikiwa mpya, yako ina mbao nyingi zaidi ya kuondoa kwenye gogo lilelile.

Mpasua Mninga:
Gogo la sentimita 45 halisemi kitu. 070 inazunguka polepole lakini ina nguvu chini, kilowati 4.8 kwa 3.9 za 381 ikitoka kiwandani. Zamisha baa, ule upanga unaozungukwa na cheni, ya sentimita 75 (siyo baa za Sinza) kwenye mkongo ndiyo utajua nani mwanaume. Mimi nimepasua mbao kwa 070 kutwa nzima. Usiiuze.

Dada wa Keko:
Mzee wangu shikamoo, lakini huyu hapasui mbao, yuko juu ya mwembe kashika tawi. 381 ni kilo 6.6, 070 ni zaidi ya kumi, kabla ya baa na cheni. Na 070 nyingi hazina breki ya cheni. Ikimrukia usoni huko juu, hizo kilowati zitamsaidia nini?

Mpasua Mninga:
Marahaba binti. Hapo umenishika.

Fundi Tuti:
Mimi kilichonishtua ni huo mlio wa nyuki.

Mafinga ni juu, zaidi ya mita 1,800. Hewa nyepesi, kwa hiyo fundi wa kule anaikaza skrubu ya H kwenye kabureta (ya petroli ya mwendo kasi) ili petroli ipungue. Sawa kabisa, kwa kule. Ukishuka nayo Dar, usawa wa bahari, hewa ni nzito na petroli ni ileile kidogo. Ongeza eksozi iliyotobolewa, ambayo nayo inataka petroli zaidi. Msumeno unakuwa mkali ajabu, unakimbia, halafu siku moja ya jua pistoni inanoki, yaani inakwama kwa joto. Ikiwa imekanyagwa mwisho bila mzigo inatakiwa ikohoekohoe kidogo, ikiingia kwenye mti ndiyo isafike. Inayolia safi muda wote ina njaa.

Fanya hivi. Fungua plagi: rangi ya kahawa ya maziwa ni nzuri, nyeupe ni hatari. Fungua eksozi, mulika tochi uone pistoni. Na kwa kuwa gasketi imetolewa, ingiza waya laini wa risasi kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, zungusha injini kwa mkono, utoe upime palipobonyea. Chini ya nusu milimita, pistoni iko karibu mno na kichwa cha silinda, mwachie mwenyewe.

Mkata Mashina:
Nimerudi. Nimenoa cheni, nimeshusha vinundu, nikaenda na gogo jingine la mwembe kwenye kirikuu. 070 sekunde 25, yake 20.

Tukafungua eksozi. Pistoni ina mikwaruzo miwili mirefu, ukipitisha kucha inanasa. Plagi nyeupe kama chaki. Jamaa akasema "hizo za kawaida, bosi" na bei ikashuka hadi laki sita palepale, sijaomba. Waya wa risasi hata sikuutoa mfukoni.

Dada wa Keko:
Mpe shemeji yetu soda.

Mkata Mashina:
Ameshaidai. 070 itabaki ya mashina ya chini. Natafuta 381 ambayo haijaguswa kwa kazi za juu, mwenye nayo aje PM. Na Kariakoo tupa nzuri ya 5.5 inapatikana duka gani? Niliyonunua juzi imelainika kabla sijamaliza cheni moja.