Huo ni upinde wa mvua, si mwingiliano wa mwanga! Nirudishiwe hela yangu

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nimenunua plagini ya kurenda, yaani programu ya nyongeza ya kutengeneza picha za 3D kwa kompyuta. Tangazo linasema inafuata fizikia halisi ya kiputo cha sabuni na mafuta yaliyotanda juu ya maji. Nimekesha nayo siku mbili, kila kiputo kinatoka kama kibandiko cha watoto. Nikafungua msimbo wa sheda, ile programu ndogo inayokokotoa rangi ya kila pikseli. Nikakuta nini? Kipicha cha upinde wa mvua, pikseli 256 kwa 1, kinasomwa kulingana na pembe unayotazamia. Basi! Unene wa utando haumo, urefu wa wimbi haumo. Namwandikia muuzaji, ananijibu "mbona inapendeza".

Inapendeza wapi? Chukua utando wa sabuni wa nanomita 200, uutazame moja kwa moja kutoka mbele. Mwanga unaorudi kutoka uso wa nyuma umesafiri zaidi ya ule wa uso wa mbele kwa mara mbili ya unene, zidisha 1.33 ya maji: nanomita 532. Ule wa mbele umegeuzwa nusu wimbi, wa nyuma haukugeuzwa, kwa hiyo kwenye 532 mawimbi yanauana (huo ndio mwingiliano). Kijani kinazimika, nyekundu na bluu zinabaki, unaona majenta. Haya, nionyesheni majenta kwenye upinde wa mvua! Na utando ukikonda sana karibu na kupasuka huwa mweusi. Kwangu unageuka mwekundu. Mwekundu, jamani.

Nilipolalamika mwanzo, wajuaji wakaniambia "piga fomula kwa RGB, yatosha". Nimepiga, yaani hesabu hiyohiyo kwa sehemu tatu tu za spektra: nyekundu, kijani na bluu. Afadhali kidogo, lakini ongeza unene ufike nanomita 2000 uone vituko. Kihalisi mwanga unazimika kwenye 665, 591, 532, 484, 443, mashimo yametapakaa spektra nzima, na jicho likiyachanganya linaona rangi iliyopauka, karibu nyeupe. Ukipima sehemu tatu tu, majenta inarudi imekolea kana kwamba utando bado mwembamba.

Wala msiniambie ni kazi nzito. Unapita kuanzia nanomita 380 hadi 780 kwa hatua za 5, sampuli 81, unazidisha na majedwali ya CIE ya 1931 (yanaonyesha jicho linavyoitikia kila urefu wa wimbi), unapata XYZ (namba tatu za rangi), unageuza kuwa sRGB (rangi za skrini), gama (marekebisho ya mng'ao kwa ajili ya skrini) mwisho kabisa (mwisho, si katikati kama nilivyokuta humo ndani). Hesabu hiyo unaifanya mara moja, unaihifadhi kwenye jedwali dogo kwa tofauti ya njia (ile safari ya ziada ya mwanga wa nyuma), kadi ya picha inasoma tu. Anayetaka ya kisasa zaidi, watafiti Belcour na Barla walishachapisha mbinu yao mwaka 2017. Muuzaji amekosa nini, muda wa kusoma?

Sasa amenifungia nisitoe maoni kwenye ukurasa wake. Kama umenunua plagini ya aina hii, fungua folda ya sheda, tafuta hicho kipicha cha 256 kwa 1, kisha njoo uniambie umekuta nini.