Tupeane uzoefu: siku ulipoambiwa mtoto ana usonji (autism), nani alikushika mkono?

Mama wa Kimara

Habari za jioni wapendwa. Jana nilikaa kwenye benchi la kliniki karibu na mama mmoja kijana, ameshika karatasi ya majibu na machozi yanadondokea juu yake. Nikakumbuka siku yangu, mwaka 2019. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Haongei, ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Daktari akasema "ana usonji", akaandika tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, akaita anayefuata. Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu. Ila miezi mitatu ile nilibaki peke yangu na neno ambalo hata maana yake sikuijua.

Mume wangu alinyamaza wiki nzima. Mama mkwe akasema kwenye ukoo wao kitu hicho hakipo. Shoga zangu wa kikoba wakaacha kunikaribisha kwao, kwa sababu mtoto akifika anapanga mifuniko ya sufuria sakafuni na ukiigusa anapiga mayowe.

Aliyenishika mkono ni kijana wa bajaji. Asubuhi moja geti liliachwa wazi, mtoto akatoka. Tulimtafuta kwa karibu masaa mawili. Yule kijana alimkuta kando ya Barabara ya Morogoro, anatazama magurudumu ya mabasi. Hakumkemea wala kumkamata. Alichuchumaa, akazungusha kizibo cha soda chini, mtoto akakaa kukitazama. Nilipofika ninahema akaniambia, "Dada, mdogo wangu yuko hivi hivi kule Iringa."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa namficha mtoto watu wasiseme, kumbe kwa kumficha ndiyo nimewanyima watu kumjua. Kesho yake nikampeleka mwenyewe kijiweni, kwa mama ntilie, kwa fundi cherehani, dukani kwa Mangi, mpaka kwa mjumbe wa shina. Nikawaambia jina lake, kwamba haongei, asishikwe kwa nguvu, na akionekana peke yake apewe kizibo kisha nipigiwe. Namba yangu iko ukutani pale dukani hadi leo. Tangu hapo ametoroka mara nne, na mara mbili amerudishwa kabla sijajua kama ametoka.

Sasa tupeane. Wewe ulimpata nani, na ulimpataje? Andikeni kwa kirefu tu, yule mama nimemwahidi kumpelekea.

Baba Mapacha, Mwanza

Dada umenigusa. Mimi ni dereva wa lori. Mmoja wa mapacha wangu alipothibitishwa, nilianza kuomba safari za mbali. Nilimwambia mke wangu natafuta hela ya matibabu, lakini ukweli nilikuwa nakimbia nyumba yangu. Nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

Kuna mzee tulikuwa tunapakia naye mizigo. Siku nilipomweleza hakuniuliza "ilikuwaje?" wala "mmeshakwenda kwa nani?" Aliniuliza, "Anapenda nini?" Nikakosa jibu. Mtoto wa miaka minne, baba yake sijui anapenda nini. Niliporudi nikakaa naye siku mbili nzima, nikagundua anapenda maji yanayomiminika. Nikawa nammiminia kwa kikombe, anacheka mpaka anakaa chini.

Leo tuko akina baba wanne. Jumapili alasiri tunawapeleka watoto ziwani, kila mmoja na wake mkononi, maana wengi wa watoto hawa wanavutwa na maji na hawaoni hatari. Mama zao wanabaki kulala. Wengine hiyo ndiyo saa pekee ya wiki wanayolala mchana.

Mama wa Githurai

Hamjambo. Mimi nilielekezwa KISE, taasisi ya Kenya ya elimu maalumu pale Kasarani, Nairobi, mtoto akafanyiwa tathmini, kisha nikaanza kuzunguka shule. Mbili zilinikataa mlangoni. Mwishowe nikafika kitengo cha usonji cha City Primary, Ngara, kile kilichoanza 2003 kwa msukumo wa wazazi wenyewe. Nafasi sikupata siku hiyo. Nilipata akina mama waliokuwa wakingoja watoto wao nje.

Wao ndio walionifundisha mambo ya ofisi: kwamba mtoto asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwamba tathmini ya usajili hufanywa hospitali za serikali, kwamba ile shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali huwapa wenye ulemavu mkubwa huwezi hata kuiomba ukiwa hujasajiliwa. Mmoja akapanda matatu na mimi mpaka kwenye ofisi ya kaunti, akanishikia mtoto nikijaza fomu. Sikuwa namjua hata jina.

Halafu kuna chama chetu. Mtaalamu wa usemi ni ghali, hakuna kati yetu aliyeweza kumlipa kila wiki. Tuko sita, tunachanga, anakuja mara moja kwa mwezi kwa nyumba ya mmoja wetu. Anafanya kazi na mtoto mmoja, sisi wengine tunatazama na kuandika, tukienda tunafanya vile vile nyumbani. Wangu alijifunza kunipa picha ya kikombe akitaka maji. Kabla ya hapo alikuwa anajigonga kichwa kwa ukuta.

Mjukuu wa Kilifi

Naandika kwa niaba ya nyanya yangu, ndiye anayemlea ndugu yangu. Anasema mwanzo walimwambia mtoto ana pepo, na mbuzi wawili walikwenda hivyo. Kisha akaalikwa kwenye yale mafunzo ya walezi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, ya watoto wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao 9 vya kikundi, na mara 3 mwelekezi hukujia nyumbani. Mwelekezi si lazima awe daktari.

Nyanya anasema kubwa alilolishika ni kumshirikisha mtoto kazi za kila siku. Akikuna nazi, mtoto amshikie kifuu. Akianika nguo, ampe moja moja, na kila akimpa amsifu. Ndugu yangu sasa akisikia mbuzi ya kukunia inaburutwa anakuja mwenyewe kukaa. Anawasalimu nyote, na anasema wanangu msiuze mbuzi.

Sijapata

Naomba niwe mkweli. Mimi sikupata mtu. Nilikokuwa nasali walitaka mtoto wa miaka mitatu afungishwe kula ili apone. Nikaondoka, na wenzangu wakaacha kunisalimia. Ni mwaka wa nne, tuko wawili tu. Nasoma hizi simulizi zenu huku nalia, lakini naendelea kusoma.

Mama wa Kimara

@Sijapata, nimekuandikia pembeni. Tafadhali fungua.

Muuguzi Dodoma

Kidogo tu, maana kuna aliyeniuliza kama usonji unaletwa na chanjo ya surua. Hapana. Ule utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998 ulioanzisha maneno hayo ulifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mama, hukumdhuru mwanao kwa kumpeleka kliniki. Na wadogo zake wapelekeni.

Mwalimu wa kitengo, Dar

Wazazi wa Dar, vitengo vya usonji vipo kwenye baadhi ya shule za msingi za serikali, mfano Msimbazi Mseto. Anzeni kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Mkiwa kikundi cha akina mama, ulizeni pia ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Kina mama wa kitengo chetu waliombea fungu la wanawake, wanatengeneza sabuni ya maji, na nauli za watoto zinatoka humo.

Mgeni humu

Shikamooni. Mimi ndiye wa kwenye benchi. Nimesoma zote mara mbili, na ya mwisho nimemsomea mume wangu. Mtoto wangu ana miaka miwili na miezi nane. Niko Mbagala, huku simjui mwenye mtoto kama wangu. Kuna yeyote wa karibu?

Mama Zakhem

Marahaba mwanangu. Mbagala nipo mimi, hapa Zakhem, wangu ana miaka tisa. Jumamosi sina kazi, nitakuja mimi kwako ili usihangaike naye kwenye daladala. Niambie tu, anapenda nini?