Chakula cha kweli cha Sichuan (jimbo ya China) karibu na uwanja wa ndege wa Guangzhou, ni wapi?

Bandugu yambo, juma ijayo natoka Lubumbashi naenda kufata mali, nikishuka Guangzhou niko na masaa kumi mbele ya ndege ingine. Safari ya mwisho nilikula wali ya baridi tu, roho iliniuma sana. Natafuta chakula kile cha Sichuan chenye kutia ulimi ganzi.

— Papa, Guangzhou ni kwa Bakantoni, pilipili haiko mingi kule. Njo dim sum, vyakula vidogo vya mvuke! Ile ya kamba, ngozi yake nyembamba mpaka unaona nyama ndani, inatoka mvuke, na chai ya moto pembeni. Usiache.

— Kama viza inakuruhusu kutoka, panda metro laini ya 3, badilisha Zhujiang New Town, laini ya 5 mpaka kituo cha Xiaobei. Pale kula tambi za Lanzhou, Mwislamu anavuta unga kwa mikono mbele yako, mchuzi wa ngombe, halali. Weka masaa mingi ya kurudi.

— Ya Sichuan onyesha 麻辣 kwenye simu, ni "mala", ganzi na pilipili pamoja.

— Aksanti sana, nimeshaandika!